Mashine ya Kufulia ya Zamani: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuinunua

Mkusanyaji anayekuta mashine ya kufulia ya miaka ya 1940 au 1950 ghalani au katika stoo ya fundi aliyestaafu hushawishika kuichomeka kwenye umeme papo hapo ili aone kama bado inazunguka, na kwa haraka hiyo mashine nyingi nzuri zimeungua. Mota iliyokaa miaka mingi bila kazi huwa imenyonya unyevu kwenye koili zake, oili ya giaboksi huwa imekuwa nzito kama gundi, na gamba la mpira linalofunika nyaya huwa limekauka kiasi cha kubomoka likikunjwa. Vitu hivi vitatu vikipewa umeme kwa pamoja bila kukaguliwa, kasoro ndogo ambayo ingerekebishwa kwa saa chache hugeuka kuwa hasara ya kudumu. Kwa hiyo hapa tutaanza na macho na mikono, tutakwenda kwenye vipimo vya umeme, kisha umeme bila maji, na maji yatakuja mwisho kabisa.

Tangu mwanzo ni vizuri kujua ni kasoro zipi zinazovumilika. Mikanda, mipira ya maji, nyaya, beringi na sili za kuzuia maji hupatikana au hutengenezwa upya, na mota huweza kusukwa koili mpya. Pipa lililooza, kikorogeo kilichopasuka (yaani ule mhimili wenye mabawa unaosimama katikati ya pipa na kuchezesha nguo), giaboksi iliyovunjika meno na taima iliyotolewa ikapotea ni mambo mengine kabisa. Mimi ningependelea mashine isiyowaka lakini iliyo kamili kuliko inayowaka ambayo pipa lake limekwisha kuliwa na kutu.

Maswali ya kuuliza na bamba la utambulisho

Muulize mwenye mashine kwa nini iliwekwa pembeni, kwa sababu jibu lake hupunguza kazi ya uchunguzi kwa nusu. Iliyoachwa kwa kuwa familia ilinunua mpya au ilihama mara nyingi huwa nzima, lakini iliyoachwa baada ya kuvuja kidogo huenda iliendelea kutumika kwa miezi huku maji yakipenya kwenye beringi. Uliza pia kama ilihifadhiwa mahali penye baridi ya kugandisha, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani ya pampu yakigeuka barafu huipasua, na ufa huo hauonekani kwa urahisi mpaka maji yajazwe.

Kisha tafuta bamba dogo la chuma lililopigiliwa nyuma, chini, au ndani ya mlango wa mashine, na ulipige picha. Humo mna namba ya modeli, volti, ampea na hertzi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mashine nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa volti 115 au 120 na hertzi 60, na wanunuzi wengi walio kwenye umeme wa hertzi 50 hudhani kwamba transfoma ya kushusha volti inamaliza tatizo. Transfoma hubadilisha volti tu. Hertzi hubaki zile zile. Mota inayozunguka takriban mara 1,725 kwa dakika kwenye hertzi 60 itashuka hadi takriban 1,425 kwenye hertzi 50, na ikilishwa volti zile zile za awali itapata joto kupita kawaida. Taima nayo itachelewa kwa uwiano huo huo, hivyo kufua kwa dakika 10 kutachukua dakika 12. Kwa sababu hiyo, mashine inayofanya kila kitu polepole na kuwa ya moto kuliko inavyotarajiwa huenda haina kasoro yoyote. Imeunganishwa tu kwenye umeme usio wake. Transfoma yenyewe iwe kubwa, maana mota za aina hii zinapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango kilichoandikwa kwenye bamba, na transfoma ndogo italegea wakati ule ule ambapo mota inahitaji nguvu.

Macho na mikono, bila umeme

*Dalili: kutu kwenye pipa.* Kutu ya juu juu, iliyoachwa na skrubu au kopo lililosahaulika, hufutika na haina madhara. Kutu inayotoka chini ya enameli, ikiinua ukingo wake kama gamba, ni dalili kwamba chuma chenyewe kinaliwa. Bonyeza sehemu hiyo kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya kidole tu: chuma kizima hakibonyei, kilichooza hutoboka au hutoa vumbi jekundu. Kagua hasa matundu ya kapu la ndani, mshono wa chini wa pipa la nje, na eneo linalozunguka mhimili wa katikati. Pia pitisha sumaku ndogo taratibu kwenye kuta za nje. Mahali inaponata kwa ulegevu kuliko kwingine, huenda pamezibwa kwa lipu ya kujazia na kupakwa rangi. Pipa la alumini, kama yale ya mashine nyingi za kampuni ya Maytag ya Marekani zenye roli za kukamulia nguo, haliguswi na sumaku na halioti kutu nyekundu, ila huwa na vishimo vyeupe vya unga vinavyotokana na sabuni kali na magadi. Vishimo vya juu juu vinavumilika, lakini ukiangaza tochi kutoka chini na mwanga ukapenya, pipa hilo limekwisha.

*Dalili: kikorogeo hakitoki.* Mkusanyaji ni lazima akitoe ili aone kilicho chini yake, lakini sabuni na kutu za miongo kadhaa hukifunga kwenye mhimili. Jaza maji ya moto pipani mpaka yafunike shina la kikorogeo, yaache kwa muda, kisha pitisha kamba au mkanda mpana wa kitambaa chini ya mabawa na uvute juu kwa ulinganifu pande zote mbili. Pengine utarudia kazi hii siku kadhaa. Usitumie nondo kukinyanyua kwa kuegemea enameli, na ikiwa kikorogeo ni cha bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) usikigonge kabisa, kwani bakelaiti ya zamani hupasuka bila onyo. Muuzaji asiyeruhusu kitolewe, au kinachokataa kutoka pale pale, kisikukatishe tamaa. Hesabu tu kwamba hujui hali ya sili na mhimili, na bei uijadili kwa msingi huo.

*Dalili: puli ni ngumu kuzungusha.* Legeza au ondoa mkanda kwanza, kisha zungusha mota peke yake na giaboksi peke yake, maana usipovitenganisha hutajua ni kipi kinachokwama. Mota iliyo ngumu lakini inalainika baada ya matone machache ya oili kwenye vitundu vyake vya kulainishia ilikuwa kavu tu. Giaboksi inayozunguka kwa uzito ulio sawasawa, bila kukwaruza, ina oili iliyoganda. Joto la wastani na oili mpya huirudisha. Giaboksi inayokwenda vizuri, ikagonga mahali pamoja, ikaendelea, kisha ikagonga tena katika mzunguko unaofuata, ina jino lililovunjika au lililolika. Hapo tulia na uihisi kwa mkono mara kadhaa, kwa sababu tofauti ya uzito ulio sawasawa na mgongano unaojirudia ndiyo tofauti ya kazi ya siku moja na msako wa vipuri usiojulikana mwisho wake.

*Dalili: nyaya zilizopasuka.* Kunja kidogo waya mahali unapoingia kwenye mashine. Ukibomoka au ukionyesha shaba, nyaya zote za umri huo zichukuliwe kuwa zimekufa, hata zinazoonekana nzuri. Plagi ya vyuma viwili isiyo na ethi ni ya kawaida kwa umri huu, lakini mashine ya chuma inayoshika maji haipaswi kutumika hivyo. Wekeni waya mpya wenye ethi iliyofungwa kwenye bodi kwa skrubu, mahali palipokwanguliwa rangi.

Angalizo la afya: kapasita za oili (vifaa vidogo vinavyosaidia mota kuanza) zilizotengenezwa kabla ya 1979, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa kemikali zenye sumu ziitwazo PCB, huenda zina kemikali hizo, hivyo kapasita iliyovimba au inayovuja isishikwe bila glovu. Bitana za breki na klachi za zama hizo huenda zina asbesto. Vumbi lake lifutwe kwa kitambaa kibichi, kamwe lisipulizwe.

Vipimo kabla ya umeme

Ukiwa na multimita, pima koili za mota. Katika mota nyingi za mashine hizi kuna koili kuu na koili ya kuanzishia. Koili kuu huonyesha ohmu chache tu, na ya kuanzishia huonyesha zaidi kwa kuwa waya wake ni mwembamba. Koili isiyoonyesha usomaji wowote imekatika, au swichi iliyo ndani ya mota, ambayo hufunguka mota inaposhika kasi, imekwama ikiwa wazi. Hii ya pili hutokea mara nyingi zaidi na hurekebishwa kwa kusafisha ncha zake, kwa hiyo usiihukumu mota kabla ya kuifungua.

Kisha pima kati ya koili na bodi. Multimita ya kawaida haitoshi hapa kwa kuwa hutumia volti ndogo. Kinachofaa ni kipimo cha volti 500 cha insulesheni, yaani gamba linalozuia umeme kuvuja kutoka kwenye waya, na usomaji chini ya megaohmu 1 ni onyo. Usomaji mdogo katika mota iliyotoka mahali pa unyevu hauna maana kwamba imeungua. Iweke mahali pakavu penye joto la wastani kwa siku kadhaa na upime tena: namba ikipanda ilikuwa unyevu, ikibaki pale pale insulesheni yenyewe imeharibika.

Taima izungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa tu, ikiwa imezimwa. Taima nyingi za zamani huvunjika ndani zikirudishwa nyuma.

Umeme bila maji

Jaribio hili lifanyike kwenye umeme wenye kikata umeme kinachogundua uvujaji, mkanda ukiwa umeondolewa mwanzoni, na lisizidi sekunde chache kila mara, kwa sababu sili za pampu nyingi hupozwa na maji zinayosukuma na huungua zikizunguka kavu.

*Dalili: kikata umeme kinaruka mara tu unapochomeka, swichi ya mashine ikiwa imezimwa.* Kasoro iko kwenye waya wa kuingilia au mwanzoni mwa taima. Mota haihusiki bado. Mafundi wengi hutumia balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, ya wati 100, iliyoungwa mfululizo na mashine: ikiwaka kwa nguvu huku swichi ikiwa imezimwa, nyaya zimegusana. Balbu hiyo hiyo itawaka kwa nguvu pia mota inapowashwa, kwa kuwa koili zina ohmu chache, na wapo walioitupa mota nzima kwa kutafsiri mwanga huo kuwa ni shoti.

*Dalili: mota inavuma lakini haizunguki.* Zima upesi; mota iliyokwama huungua haraka. Ikiwa mkanda umeondolewa na mhimili ni mwepesi kwa mkono, sababu ni koili ya kuanzishia, kapasita kama ipo, au ile swichi ya ndani. Uthibitisho wake ni huu: mota hiyo ikisukumwa kidogo itashika kasi, na itazunguka upande wowote utakaoisukumia. Sukuma kwa kijiti cha mbao kwenye puli, si kwa vidole, na mkanda usiwepo. Ikiwa inaanza vizuri bila mkanda lakini inavuma tu mkanda ukirudishwa, tatizo si la mota. Rudi kwenye giaboksi na pampu.

*Dalili: mota inazunguka, lakini kikorogeo na kapu vimetulia.* Hapa aina ya mashine ndiyo inayoamua pa kutazama. Katika Whirlpool na Kenmore za mkanda, juu ya giaboksi kuna kipande kinachotikisika kushoto na kulia muda wote mota inapozunguka, kikiwa kimebeba solenoidi (sumaku za umeme) mbili: moja huruhusu kufua, nyingine huruhusu kukamua kwa mzunguko. Kwa kuwa nyaya zake zinatikisika nacho kwa maisha yote ya mashine, hukatika ndani ya gamba lake bila kuonekana. Ikiwa mashine inafua lakini haikamui, au kinyume chake, pima solenoidi husika na uvute nyaya zake kwa upole. Waya uliokatika huvutika kama mpira. Maytag za otomatiki hazina solenoidi hizo. Mota yake ikizunguka upande mmoja mashine hufua, na ikizunguka upande wa pili hukamua, kwa hiyo inayofua bila kukamua ichunguzwe kwenye ncha za taima zinazogeuza mota, swichi ya mfuniko, na mkanda uliolegea. Mota yake imekaa juu ya reli zinazovutwa na springi, na reli zikikosa grisi mota hukwama na mkanda haukazwi.

*Dalili: harufu ya mpira unaoungua.* Mkanda unateleza kwa sababu kitu kilicho mbele yake hakizunguki. Mara nyingi ni pampu iliyokwamishwa na sarafu, kifungo au pini. Badilisha mkanda baada ya kutoa kilichokwama, la sivyo na ule mpya utaungua.

Maji

Weka mashine mahali pa tambarare, tandika karatasi kavu chini yake, na ujaze maji kwa ndoo kabla ya kuunganisha bomba. Kinachokusaidia zaidi katika kutafuta uvujaji ni wakati unapotokea. Maji yakidondoka mashine ikiwa imetulia, angalia mipira, pipa na sili ya chini. Yakianza wakati wa kufua tu, sili ya mhimili imechakaa. Yakitokea wakati wa kutoa maji, ni pampu au mpira wa kutolea. Na wakati wa kukamua, ni ukingo wa juu au mpira unaounganisha mapipa mawili. Katika mashine ndogo za Hoover zilizotengenezwa kuanzia 1948, diski ya kuzungusha maji iko ubavuni mwa pipa, hivyo sili yake imo chini ya usawa wa maji na ikichakaa huvuja hata mashine ikiwa imezimwa. 

Baada ya dakika chache za kufua bila nguo, chota maji kwenye chupa ya kioo na uyaache yatulie. Vumbi la kahawia linalozama ni kutu. Utando unaoelea wenye rangi za upinde wa mvua ni oili kutoka giaboksi, nao humaanisha kwamba sili imepitisha oili nje, na huenda imepitisha maji ndani. Fungua giaboksi kabla ya kuitumia tena. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji na meno yake yanaliwa.

Ukiunganisha bomba, maji yakiendelea kuingia hata baada ya kuchomoa plagi, vali imeshikwa na mchanga au chokaa, na hakuna sababu ya kugusa umeme. Yasipoingia kabisa, anza na vichujio vidogo vilivyo kwenye mlango wa vali. Mashine inayojaza bila kujaa huku maji yakitoka kwenye mpira wa kutolea haijaharibika: ncha ya mpira imewekwa chini sana na maji yanavutwa yenyewe. Inua ncha juu ya usawa wa maji ya pipa.

*Dalili: mtikisiko mkubwa wakati wa kukamua.* Hakikisha kwanza kwamba boliti za kusafirishia zimetolewa na miguu yote inagusa sakafu. Kisha zungusha kapu kwa mkono ukiwa umeweka sikio karibu. Mngurumo ni beringi, na kupwaya kwa kapu huku mashine ikiwa imetulia ni mhimili au springi za kubebea. Bendix za kwanza za otomatiki, zilizoonyeshwa mwaka 1937, ziko nje ya hukumu hii, kwa kuwa zilibuniwa zifungwe kwa boliti sakafuni. Bendix inayotembea chumbani haina kasoro, haijafungwa tu.

Roli za kukamulia

Mashine zenye roli mbili za mpira juu ya pipa zilidumu muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Maytag iliziunda mpaka 1983, na vipuri vyake bado hupatikana. Roli zilizoachwa zimebanwa kwa miaka huwa na upande bapa, na upande huo hutoa nguo zikiwa na mistari ya maji. Bapa dogo hupungua roli zikilegezwa na kuachwa katika joto la wastani, lakini mpira uliopasuka hadi kwenye chuma unahitaji kufunikwa upya.

Kipimo cha lazima ni wenzo wa dharura. Roli zimevunja mikono ya watu wazima na watoto, na wenzo ulioshikwa na kutu ni hatari kuliko kasoro nyingine yoyote iliyotajwa hapa. Washa roli, pitisha taulo iliyokunjwa ukiisukuma kwa ubao, kisha gonga wenzo. Roli ziachiane mara moja na kwa mruko unaosikika. Zikichelewa, au zikibaki zimebana, mashine isiwashwe tena mbele ya mtu yeyote mpaka wenzo ufunguliwe, usafishwe na kutiwa grisi.

Ukishainunua, toa maji yote kwa kuinamisha mashine upande wa pampu na kulegeza mpira wa chini, kwa kuwa pampu hubakiza kiasi hata baada ya pipa kukauka. Funga pipa lisicheze kwa kujaza mablanketi kati yake na bodi, toa kikorogeo na ukisafirishe peke yake, na mashine yenyewe isafiri ikiwa imesimama, maana baadhi ya giaboksi humwaga oili zikilazwa, na oili hiyo ikifika kwenye mkanda na klachi utaanza kutafuta kasoro ambayo haikuwepo ulipoikagua.